Maandalizi ya serikali, kituo cha TUTU, madrasa au nasari ya kulipia: mtoto wa miaka minne aanzie wapi?

Mtoto anapotimiza miaka minne, mzazi wa Unguja au Pemba huwa na milango minne mbele yake: darasa la maandalizi katika skuli ya serikali, kituo cha TUTU cha kijijini kinachosomesha kwa msaada wa redio, maandalizi yanayoendeshwa ndani ya madrasa, na nasari ya kulipia. Upo na wa tano, nao ni kumbakisha nyumbani na bibi yake mpaka afike umri wa darasa la kwanza. Huo wa tano hatuushauri, na hapo chini tunaeleza la kufanya pale ambapo hauepukiki.

Sababu iko kwenye mpangilio wenyewe wa elimu yetu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima: mtoto aanze maandalizi na miaka 4, aingie darasa la kwanza na miaka 6, asome msingi kwa miaka 6. Darasa la kwanza, basi, linaanzia pale maandalizi yanapoishia. Anayetoka nyumbani moja kwa moja hutakiwa ajifunze kwa mkupuo mmoja kukaa na wenzake 40, kufuata maagizo ya mtu asiye mamake, kushika kalamu ya risasi na kuunganisha herufi. Akikwama huitwa mzito, na jina hilo likishamganda hata yeye huliamini.

Unakwenda kutafuta nini

Kabla ya kulinganisha milango, jua unachokitaka ndani. Mtoto anayemaliza maandalizi vizuri anaweza kusimulia jambo la jana kwa sentensi tatu nne zinazofuatana. Anasikiliza hadithi ya dakika kumi bila ya kuondoka. Akiambiwa "chukua kikombe, kakiweke juu ya meza, kisha uniletee kijiko," anafanya yote matatu kwa mpango. Anahesabu vitu vya kushika mpaka kumi na anajua kwamba namba aliyoishia ndiyo jumla. Anapiga makofi kufuata silabi za neno: ki-ji-ko, makofi matatu. Anakwenda choo na kunawa mwenyewe, na anaweza kungoja zamu yake ya pembea bila ya kumsukuma mwenzake.

Kuandika herufi na namba kunakuja mwishoni mwa mwaka wa pili. Wazazi wengi hapa ndipo wanapopatwa na wasiwasi, wakaanza kudai daftari lililojaa.

Tazama mkono wa mtoto wa miaka minne anayelazimishwa kujaza ukurasa wa herufi *a*. Ameishika kalamu kwa ngumi, kidole gumba kimefunikwa na vingine, bega limepanda karibu na sikio, na anaandika kwa kuusukuma mkono mzima. Mstari wa kwanza *a* zinatambulikana. Mstari wa tatu zimekuwa mayai yenye mikia. Mstari wa sita karatasi imetoboka. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa vinane. Kwa mtoto wa umri huu sehemu kubwa ya vifupa hivyo bado ni gegedu laini. Kinachoukomaza mkono ni kufinyanga udongo, kukanda unga, kukamua tui, kumenya njugu, kutunga simbi kwenye uzi, kuchota mchanga kwa kifuu. Mpe muda wa kutosha wa kazi hizo na kalamu itaanza kukaa yenyewe baina ya vidole vitatu. Mtoto aliyelazimishwa mapema huzoea kuishika vibaya, na kumtoa kwenye mazoea hayo akiwa darasa la tatu ni kazi ngumu zaidi kuliko kumfundisha vizuri tangu mwanzo.

Na faida ya yote haya si hadithi. Huko Ypsilanti, Michigan, Marekani, kuanzia mwaka 1962, watoto 123 wa familia maskini waligawiwa makundi mawili: 58 walikwenda maandalizi, 65 hawakwenda. Walifuatiliwa mpaka wakafika miaka 40. Wale 58 walimaliza skuli kwa wingi zaidi, wakawa na kipato kikubwa zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Linalosahauliwa katika habari hiyo ni namna walivyosomeshwa: saa mbili na nusu tu kwa siku, mwalimu mmoja kwa watoto watano au sita, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani akakaa na mama na mtoto kwa saa moja na nusu. Si jengo la fahari lililofanya kazi pale. Ni mtu mzima aliyemjua kila mtoto na aliyemjua na mama yake.

Milango minne kwa haraka

| | Serikali | TUTU | Madrasa | Nasari ya kulipia |
|---|---|---|---|---|
| Malipo | Hakuna ada. Uliza michango ya uji na vifaa | Mchango mdogo wa kijiji | Ada ndogo ya kamati | Ada, gari, sare, vitabu |
| Mwalimu | Ameajiriwa, mara nyingi amesomea | Mtu wa kijiji aliyepewa mafunzo mafupi | Mara nyingi mwanamke wa mtaa aliyepata mafunzo | Hutofautiana mno |
| Nguvu yake | Njia fupi ya kuingia darasa la kwanza | Karibu na nyumbani | Dini na michezo pahala pamoja | Darasa dogo, saa ndefu |
| Inapoharibika | Watoto wengi mno | Redio ikinyamaza, kituo kinanyamaza | Kamati ikilegea | Daftari na mitihani ya mapema |

Jedwali hili linasaidia kuanza tu. Ndani ya kila safu kuna kizuri na kibaya, na tofauti baina ya kituo kizuri cha TUTU na kituo kibaya cha TUTU ni kubwa kuliko tofauti baina ya TUTU na nasari.

Skuli ya serikali

Faida yake kubwa ni kwamba darasa la maandalizi mara nyingi limo ndani ya uwanja mmoja na skuli ya msingi. Mtoto anamzoea mwalimu mkuu, kengele, choo, mti wa kivuli. Anapopanda darasa la kwanza anahama chumba tu, hahami dunia.

Tatizo ni idadi. Piga hesabu hii. Darasa la maandalizi likikaa saa tatu, ni dakika 180. Ondoa mstari wa asubuhi, choo, kunawa, uji na mchezo wa nje. Tuseme zinabaki dakika 60 za mwalimu kuzungumza na watoto. Watoto wakiwa 25, kila mmoja ana zaidi ya dakika mbili za kusemeshwa yeye. Wakiwa 60, ana dakika moja. Mwalimu mwenye watoto 60 hulazimika kufundisha kwa kuitikiana, "semeni wote: a!", kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuwaweka pamoja, na aliye nyuma anafumbua mdomo bila ya kujua anaitikia nini.

Lakini darasa la watoto 60 linaokoleka. Ukiona madawati makubwa yametolewa, yametandikwa majamvi, na watoto wamegawiwa makundi matano ya 12, kila kundi na shughuli yake (wajengaji na vipande vya mbao, wapishi na vifuu, wahesabuji na komwe, wachoraji, wasikilizaji wa hadithi), ujue mwalimu huyo anaijua kazi yake. Hapo mwalimu anakaa na kundi moja la 12 kwa dakika 20, akiwa na msaidizi anayezunguka kwengine. Mpeleke mtoto bila ya wasiwasi, na ukiwa na nafasi siku moja kwa wiki jitolee uwe wewe huyo msaidizi.

Angalia pia choo. Vyumba vingi vilijengwa kwa watoto wakubwa, na tundu la choo cha shimo linamtisha mtoto wa miaka minne. Akiogopa, anajizuia mpaka anajikojolea, na akishachekwa mara moja hataki tena kwenda skuli. Ubao wenye tundu dogo juu ya lile kubwa, au poo safi kando, unamaliza tatizo.

Kituo cha TUTU

TUTU ni Tucheze Tujifunze. Vituo hivi vilianza katikati ya miaka ya 2000 kwa msaada wa Marekani, kwa ajili ya vijiji ambavyo skuli ya maandalizi iko mbali. Ubunifu wake ni redio: kipindi cha karibu nusu saa kinachosema na watoto moja kwa moja, kinauliza, kinanyamaza kidogo ili wajibu, kinawaimbisha, kinawaambia wasimame wahesabu hatua tano. Mwalimu wa kituo, kijana au mama wa kijiji kile kile, anasimamia na kuendeleza kilichosikika. Kwa njia hiyo hata asiyesomea ualimu hubebwa na somo lililopangwa na wataalamu.

Kwa kijiji cha mbali cha Micheweni, au cha Mkoani ambako mtoto angevuka bonde na barabara ya gari, kituo kilicho hatua mia mbili kutoka nyumbani kinashinda skuli iliyo mwendo wa dakika arubaini. Mtoto wa miaka minne anayetembea mbali hufika amechoka, masika yakiingia Machi hukaa nyumbani, na mahudhurio yakikatika wiki mbili huwa anaanza upya kila mara.

Vinavyokwamisha TUTU vinajulikana: betri zimekwisha na hakuna wa kununua, mwalimu ameacha kwa kukosa posho, kituo kiko chini ya mwembe na mvua imenyesha. Kwa hiyo uliza maswali mawili. La kwanza, "Redio ikiharibika leo, mtafanya nini?" Mwalimu mzuri atakutajia hadithi, michezo na nyimbo bila ya kusita, kwa sababu nusu saa ya redio ni sehemu ya asubuhi tu na saa mbili zilizobaki ni zake. La pili muulize sheha au kamati: "Mwalimu analipwa na nani, na mara ya mwisho alilipwa lini?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, kituo hicho hakitadumu mwaka, na ni vyema wazazi mkae mkubaliane mchango kabla hajaondoka.

Maandalizi ya madrasa

Tusichanganye mambo mawili. Chuo cha Kurani ni kile ambacho mtoto anakwenda kusoma hijai na juzuu; karibu kila mtoto wa visiwani anakwenda, na kina faida yake: mtoto anajifunza adabu ya kukaa, anasikiliza kwa makini, kumbukumbu yake inanolewa. Lakini chuo si maandalizi. Hakimfundishi kusimulia, kujenga, kuhesabu vitu, kuuliza. Aliyekwenda chuoni pekee huingia darasa la kwanza akiwa na hifadhi nzuri ya kukariri na ulimi usiozoea kujieleza.

Maandalizi ya madrasa ni jambo jengine. Mpango wake ulianzia Mombasa katika miaka ya 1980, jamii ya Waislamu wa pwani ilipotaka watoto wao wafanikiwe skuli bila ya kupoteza dini yao, ukisaidiwa na Taasisi ya Aga Khan. Zanzibar uliingia 1990, Uganda 1993. Madrasa inatoa chumba, kamati ya mtaa inaendesha, wanawake wa mtaa ule ule wanafunzwa ualimu, na asubuhi inagawiwa baina ya dua, sura fupi na kona za michezo zenye vifaa vya hapa: vifuu, ukindu, kombe za pwani, mbegu za ubuyu, vibuyu, mchanga.

Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha ulinganisho wa watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar: waliosoma katika madrasa za mpango huu, waliosoma maandalizi mengine, na waliobaki nyumbani. Waliokwenda maandalizi ya aina yoyote waliendelea kiakili zaidi ya waliobaki nyumbani, na wa madrasa za mpango walitangulia. Kwa mzazi hilo linajibu maswali mawili kwa pamoja: popote ni bora kuliko kutokwenda, na namna ya kufundisha ina uzito wake.

Kama mlango huu uko karibu nawe na kamati yake iko hai, sisi tungeuchagua wa mwanzo. Lakini tazama kama kona za michezo zipo kweli. Ziko madrasa zilizobaki na jina la maandalizi, na ndani watoto wamekaa safu moja asubuhi nzima wakikariri. Vifuu vikiwa na vumbi juu ya kabati, havichezewi.

Jambo dogo linaloleta mkanganyiko mkubwa: Kiarabu kinaandikwa kutoka kulia, Kiswahili kutoka kushoto. Mtoto anayesoma vyote huweza kuandika jina lake kinyumenyume, na wala si ugonjwa. Mpe madaftari mawili ya rangi mbili, na kwenye kila ukurasa weka nukta ya kijani pale anapoanzia: kulia kwa daftari la chuoni, kushoto kwa la skuli. Katika muda mfupi hukaa sawa.

Nasari ya kulipia

Mjini Magharibi na maeneo ya Chake Chake na Wete, nasari ndizo zinazotangazwa zaidi. Zuri lake ni darasa dogo, na nyingi hukaa na mtoto mpaka mchana, jambo linalomfaa mama anayefanya kazi ofisini au hotelini. Nasari yenye watoto 18 na walimu wawili, inayocheza, ni neema.

Ubaya unaotuuma ni nasari kushindana kwa kile ambacho mzazi anaweza kukiona: daftari lililojaa, mitihani kila muhula, mtoto kupewa nafasi ya kwanza au ya ishirini akiwa na miaka mitano, mahafali yenye majoho. Mtoto aliyeambiwa ni wa ishirini hajui maana ya ishirini, lakini sura ya babake anapoisoma ripoti anaielewa.

Na suala la lugha. Wengi huchagua nasari kwa ajili ya Kiingereza, wakijua kwamba sera ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ni kweli. Lakini baina ya miaka minne na darasa la tano kuna miaka sita au zaidi. Mtoto huijenga lugha ya pili juu ya ya kwanza: akijua kwa Kiswahili maana ya "zaidi", "pungufu", "nusu", "kabla" na "baadaye", baadaye atabadilisha maneno tu. Asipojua, atakariri sauti. Fanya jaribio hili nyumbani. Mtoto anayeimba namba za Kiingereza mpaka ishirini, muweke mbele ya komwe za bao na umwambie akuletee nne. Akichota gao zima akakupa, hajui nne kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, anajua wimbo. Kisha panga komwe saba kwa mstari, ahesabu, halafu zitawanye bila ya kuongeza na umuulize ni ngapi. Wa miaka minne atahesabu upya, na hilo ni sawa. Anayekaribia sita ataanza kujibu moja kwa moja kwamba ni zile zile saba.

Nasari nzuri ya Kiingereza ni ile ambayo mwalimu anaongea Kiingereza vizuri kweli na hamkatazi mtoto kulia, kuomba maji au kusimulia kwa Kiswahili. Inayomtoza adhabu mtoto kwa kusema lugha ya mamake, iache.

Gharama ihesabu kwa mwaka, usiihesabu kwa mwezi. Kwa mfano tu: ada 30,000 kwa mwezi kwa miezi 10 ni 300,000. Gari 25,000 kwa mwezi ni 250,000. Sare mbili, vitabu na mkoba tuseme 60,000. Jumla 610,000, na zaidi ya theluthi yake ni gari na siyo elimu. Kwa fedha hiyo ya gari, wazazi kumi wa mtaa mmoja wangemlipa mwalimu msaidizi katika maandalizi yaliyo karibu nao. Uliza pia kuhusu gari lenyewe: linachukua watoto wangapi, nani anawashusha mlangoni, na mtoto wako anapanda wa kwanza au wa mwisho. Wa kwanza huzungushwa saa nzima kabla ya kufika.

Saa za kituo na saa za mama

Hili huwa halimo kwenye matangazo yoyote, nalo ndilo linalovunja mahudhurio. Kwa mama wa Paje, Jambiani au Makangale anayelima mwani, siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka kwa wingi asubuhi kuelekea saa nne, saa tano. Hapo yuko pwani. Kituo kinachowatoa watoto saa nne kinamtoa mtoto kwenda kwenye nyumba tupu, au kumfuata mamake kwenye maji. Kwa mama huyu, kituo kinachokaa mpaka saa sita ni bora hata kama mwalimu wake si hodari kama wa kule kwengine. Kamati zinaweza kuipanga ratiba kwa mwezi: siku za bamvua watoto wakae zaidi, maji mafu watoke mapema. Pemba msimu wa karafuu uko vivyo hivyo. Familia ikihamia kambini, muulize mwalimu mapema, akupe nyimbo na michezo ya wiki tatu, na uhakikishe nafasi ya mtoto haipewi mwengine.

Upande wa pili ni kumrundikia. Skuli asubuhi, chuoni baada ya adhuhuri, masomo ya ziada jioni. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2019, linataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na acheze kwa mwili dakika 180 zilizogawika siku nzima. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi amepata saa 8. Bado anadai mbili. Basi alale baada ya chakula cha mchana kabla ya chuoni, na masomo ya ziada kwa mtoto wa miaka mitano yafutwe kabisa.

Siku ya kwenda kuangalia

Nenda saa tatu asubuhi, siku ya kazi, bila ya kutoa taarifa. Toa salamu, omba kukaa nyuma dakika 30, na usiseme. Sikiliza kwanza: sauti za nani zinasikika zaidi, za watoto au ya mwalimu peke yake? Tazama mikono ya watoto: ina kitu au imefungwa? Tazama mikono ya mwalimu: kama kuna fimbo ndani yake au juu ya meza, ondoka. Mtoto anayeogopa hajifunzi, anajificha.

Kisha zunguka. Maji ya kunywa yana kifuniko na kata yenye mpini? Kuna sabuni karibu na choo, na mwalimu anawanawisha kabla ya uji? Kisima kimefunikwa? Mlango wa uwanja unafungwa upande wa barabara? Picha za ukutani ziko usawa wa macho ya mtoto au zimebandikwa juu ya dirisha kwa ajili ya wageni? Muombe mwalimu akuambie jambo moja kuhusu mtoto yeyote aliyepo. Anayewajua atakuambia, "Huyu anapenda kujenga, lakini bado hasemi mbele ya wenzake." Asiyewajua atakuambia kwamba wote wazuri.

Wakati wa kuandikisha chukua cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Ambaye hana cheti aanzie kwa sheha na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii mapema, kwa sababu wiki ya usajili foleni huwa ndefu. Na kabla ya yote mpime mtoto masikio kwa njia nyepesi: simama nyuma yake hatua tatu, mwite jina kwa sauti ndogo, kisha rudia ukiwa ubavuni, kila sikio mara moja. Asiyegeuka mara mbili tatu mpeleke hospitali. Wako watoto walioitwa wakaidi na kumbe hawasikii.

Kama hakuna mlango ulio karibu

Zipo nyumba ambazo hakuna kituo cha kufikika. Hapo mbakishe, lakini usimwache bure. Nusu saa kila asubuhi, kwa saa ile ile, na mtu yule yule: bibi, shangazi, dada aliyemaliza skuli. Dakika kumi hadithi, mtoto aimalizie mwenyewe. Dakika kumi kuhesabu na kupanga vitu: vijiko vikubwa kwa vidogo, kombe kwa rangi, kete kwa tano tano. Dakika kumi za mikono: unga, udongo, uzi. Jioni acheze na wenziwe wanne watano, kibe na nage, kwani kungoja zamu hakufundishiki peke yake. Simu isizidi saa moja kwa siku, na isiwe ndiyo mlezi. Majirani watatu wakiungana, watoto sita wakakusanyika kwenye kibaraza kimoja, mnachokifanya kinakaribia kuwa kituo, na ni wakati wa kumuona sheha.

Wiki mbili za mwanzo

Popote utakapochagua, usimtupe siku ya kwanza ukakimbia kwa siri wakati anacheza. Akigeuka asikuone atajifunza kwamba skuli ni pahala ambapo mama hupotea. Siku mbili za mwanzo kaa naye saa moja. Siku ya tatu muage waziwazi, mwambie utarudi baada ya uji, na urudi kweli baada ya uji. Wiki ya pili aende asubuhi nzima. Mpe kitu kidogo cha nyumbani cha kushika, hata kipande cha kanga yako. Kilio cha kuagana kikiisha ndani ya dakika kumi, ni cha kawaida. Ikiwa wiki ya tatu bado analia asubuhi nzima, au ameanza kukojoa kitandani hali alikuwa ameshaacha, nenda ukakae tena nyuma ya darasa dakika 30, na utazame hasa choo, fimbo, na mtoto aliyekaa karibu naye.